Kulwa Wawili, Doto Wawili na Deli Moja

Vijana wa maabara mliniaga kwa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa mstaafu anapewa saa ili awahi wapi. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Mabatini, inagonga kila nusu saa, na kuku wangu wameizoea kuliko mimi. Siku ile mliniambia pia niandike kumbukumbu za kazi. Nadhani mlitarajia nieleze nilivyopanda kutoka daraja hili hadi lile. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe sijui liko ofisi gani. Mimi nitaandika habari za vijiti, mirija na barafu, na za kosa moja ambalo nalipenda kuliko mengi niliyoyapatia.

Naitwa Leokadia Nyakato. Wahaya mnaosoma hapa mmeshajua kuwa mimi ni pacha. Aliyetangulia alikuwa wa kiume, akaitwa Ishengoma, nikafuata mimi nikaitwa Nyakato, kama ilivyo kwetu Kagera tangu zama. Tulipokuwa wadogo walikuja watu wa chanjo ya surua kijijini. Ishengoma akaingia migombani akajificha. Nesi alikuwa na majina mawili kwenye orodha na mtoto mmoja mbele yake, amenyolewa kipara, na kwenye kipara hakuna mvulana wala msichana. Alipoita jina la kwanza shangazi akanisukuma mbele nikadungwa. Alipoita la pili shangazi, ambaye hakupenda kumchelewesha mgeni, akanisukuma tena. Nikarudi nyumbani nimevimba mikono yote miwili, Ishengoma akanicheka wiki nzima, kisha akaugua surua peke yake. Mtu aliyepitia hayo ungetegemea awe wa mwisho duniani kuchanganya mapacha. Subirini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa ng'ambo ya ziwa, wilaya ya Sengerema, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Kamanga. Nilifika na sanduku la bati na koti moja jeupe. Maabara ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya magodoro, na magodoro mawili yalikuwa bado yamo. Mkuu wa maabara aliitwa Mzee Makoye, na alikuwa pia mfanyakazi wake pekee.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mimi ndiye mfanyakazi mpya."

"Marahaba. Umekuja na kalamu?"

Nikamwambia nimekuja na cheti, nikakitoa kabisa kwenye bahasha.

"Cheti kitaandika nini kwenye slaidi? Nenda dukani kanunue kalamu, kisha urudi tuanze."

Wiki nzima hakuniruhusu kugusa darubini. Nilikuwa naandika majina. Aliyakagua kama mwalimu wa darasa la kwanza, na a yangu ikifanana na o alinirudisha mwanzo. "Sampuli ni bubu, binti yangu," alikuwa akisema. "Haijui kwao wala haijui mama yake. Wewe ndiye unayeisemea." Darubini yetu ilitumia kioo kilichogeuzwa kuelekea dirishani kupata mwanga wa jua, kwa hiyo wingu likitanda juu ya ziwa kazi ilisimama tukanywa chai. Malaria ya Sengerema ilipata ahueni sana siku za mvua. Mzee Makoye alikuwa na tabia nyingine ambayo wakati ule niliiona ya kizee: kila jina alilisoma kwa sauti kabla ya kuanza kupima, na wagonjwa waliokuwa nje walizoea kuitikia "naam" kupitia dirishani. Alipostaafu alinirithisha kiti, darubini na ndoo. Ile tabia ya kusoma kwa sauti niliiacha, nikijiona wa kisasa.

Miaka ikapita kwa malaria na kichocho. Kisha redio ikaanza kutangaza mafua ya nguruwe, nasi wa vituo vya pembezoni tukaitwa semina mjini Mwanza kufundishwa kuchukua sampuli za mafua na kuzituma maabara kubwa. Ninyi mlisoma hayo chuoni, lakini kwetu ilikuwa ajabu kwamba mafua, ugonjwa wa kumaliza kwa chai ya tangawizi, yanatakiwa kupanda ndege. Tulifundishwa kutumia kijiti chembamba kinachopindika, kukipitisha puani moja kwa moja kuelekea usawa wa sikio, wala si kwenda juu kama unatafuta ubongo, kukizungusha taratibu, kukitoa na kukitia kwenye mrija wenye maji ya rangi ya waridi. Halafu tukaambiwa tufanyiane. Hebu fikirini ukumbi mzima wa watumishi wa serikali, watu wazima wenye suti, wanalia. Mganga mmoja mwenye kitambi na sauti ya amri alifuta macho akatutangazia kuwa ukumbi una vumbi.

Nilirudi Sengerema na deli jipya la kuhifadhia ubaridi, pakiti za barafu, maboksi ya vijiti, na fomu ndefu kuliko ya kuombea pasipoti. Baada ya mwezi watoto wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wananikimbia, na nikapewa jina la Mama Kijiti. Jina la Leokadia likafa kifo cha kawaida. Hata padri alisimama altareni akasema tangazo la kwaya atalisoma Mama Kijiti.

Nawaachia mambo machache ya kazi kabla sijafika kwenye kosa. Kijiti cha pamba chenye mti wa mbao hakifai, kinaua kirusi kabla hakijafika. Mwenzangu wa zahanati ya jirani aliwahi kuniletea kijiti cha kusafishia masikio, kimetumika pande zote mbili, wagonjwa wawili, kwa kubana matumizi. Mrija ufungwe vizuri, uzungushiwe pamba ili ukivuja usiende mbali, uingie kwenye chupa ya plastiki ya kukaza, na chupa ndiyo iingie kwenye deli. Fomu iwe kwenye mfuko wake peke yake, maana karatasi iliyolowa haisomeki hata na aliyeiandika. Sampuli iwe baridi lakini isigande. Na kijiti kiingie puani siku chache za mwanzo za homa, kwa sababu ukichelewa kirusi kimeshaondoka kama mgeni asiyeaga.

Friji letu la mafuta ya taa lilitoa barafu siku lilipojisikia. Kwa hiyo nilikuwa nazika pakiti zangu kwenye barafu ya wachuuzi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na asubuhi nakwenda kuzifukua. Mara ya kwanza maabara ya mjini walinipigia simu wakasema, "Mama, sampuli ni nzuri, ila zinanukia sato." Nikaanza kuziosha pakiti kwa sabuni. Deli lilipelekwa Kamanga kwa pikipiki, likakabidhiwa kwa Bwana Masalu wa kivukoni, naye akavuka nalo hadi mjini, mtu wa maabara akalipokea. Nilimsisitizia Masalu kwamba lisisogezwe wala lisiguswe na mtu. Alitii kwa namna yake: alilikalia safari nzima, kila safari, na mfuniko ukachukua umbo lake.

Sasa nafika kwenye kosa. Ilikuwa wakati wa kipupwe, upepo mkavu, shule ya kijiji kimoja cha ufukweni watoto wanakohoa darasa zima. Asubuhi moja walikuja wanawake wawili, kila mmoja na mapacha wake, wasichana wote wanne, wote wa miaka sita, kana kwamba walipanga. Kwa Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, kama sisi na Ishengoma na Nyakato, ila kwao ni jina lile lile awe wa kike awe wa kiume. Na mwanamke akishazaa mapacha, kijiji kizima humwita Mama Kulwa, jina lake la kuzaliwa likawekwa kabatini. Kwa hiyo mbele yangu walikaa Mama Kulwa na Mama Kulwa, wa kijiji kimoja, na Kulwa wawili na Doto wawili.

Foleni ilikuwa ndefu. Doto mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa na homa kali kuliko wote, alining'ata kidole. Kwenye fomu niliandika: jina, Kulwa, mzazi, Mama Kulwa. Kisha Doto, mzazi, Mama Kulwa. Kisha nikaandika hayo hayo tena. Namba nilizipanga kwenye fomu vizuri kabisa. Kwenye mirija sikuziandika, maana kalamu ya maka ilikuwa imekauka, ikanibidi kuilamba kwa kila herufi, nikasema moyoni kuwa majina yanatosha. Nikafunga deli na kulituma Kamanga, nikajisifu kwa kumaliza kabla ya chai.

Siku mbili baadaye kijiji kile kiliitisha mkutano. Redio ilikuwa inasema mafua ya nguruwe, na nguruwe alikuwa mmoja tu kijijini, jike kubwa ambalo watoto walikuwa wamelipa jina la Madamu kwa heshima ya mwalimu mkuu. Mwenye nguruwe alikuwa Mama Kulwa wa kwanza, mama wa yule Doto mng'ataji. Mume wake alikuwa dago, kambi ya wavuvi visiwani, anavua. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maduhu, akatoa uamuzi: nguruwe auawe na kuchomwa moto, na mama yule na watoto wake wahame warudi kwa wazazi wake. Mama akapewa muda hadi siku ya mnada. Akaja kwangu kwa miguu, Doto mgongoni, Kulwa mkononi.

"Dada, hata kisimani wananisubiri niondoke ndipo wao wachote," akaniambia. "Mimi nimejenga pale. Nirudi kwa baba nikamwambie nini? Hayo majibu yanakuja lini?"

"Kesho kutwa," nikamjibu, na nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. "Majibu yakija nitakuja nayo mwenyewe."

Kesho yake simu ikalia kutoka mjini. Alikuwa dada wa mapokezi ya maabara, mpole kama kawaida yake.

"Mama, tumepokea mirija minne. Kulwa, Kulwa, Doto, Doto. Yupi ni wa fomu ipi?"

Nilikaa chini. Nikafikiria kubahatisha, nakiri. Nikamwambia, "Sijui."

"Basi hatuwezi kupima, mama. Sampuli isiyo na mwenyewe majibu yake tutampa nani?"

Nilimpigia kaka yangu Ishengoma nipate faraja. Alicheka mpaka salio langu likaisha, na neno pekee nililolisikia vizuri lilikuwa, "Safari hii nani kadungwa mara mbili?"

Nilipanda pikipiki saa ile ile na vijiti vipya, na kalamu mpya mbili. Njiani nilitunga maneno mengi ya kujitetea, na nilipomkuta Mama Kulwa anaanua dagaa kwenye kichanja yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli: nimekosea kuandika, sampuli hazikupimwa, inabidi turudie leo kwa sababu siku za homa zinapita.

Alisimama na kikapu mkononi. "Yaani mimi nafukuzwa kwa sababu ya kalamu yako?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu ya kalamu yangu."

Hakunisamehe pale pale, na sikumwomba. Aliweka kikapu chini akaenda kuita watoto. Lakini watoto walikuwa wameshaniona. Kulwa alishikwa mlangoni. Doto akapotea. Tukamtafuta jikoni, uvunguni, nyuma ya kichanja, watu wakaanza kukusanyika, hadi mmoja akaonyesha kidole kwenye banda la nguruwe. Doto alikuwa amekaa kwenye majani nyuma ya Madamu, amemkumbatia shingo, na wote wawili wakatutazama. Hakuna mwanakijiji aliyethubutu kusogea hata hatua tatu. Nami nikakumbuka migomba ya kwetu, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu.

Mzee Maduhu mwenyewe alifika, kofia ya pama kichwani, fimbo mkononi. Nilimwomba aongeze siku. Akafungua mdomo kunijibu, akashikwa na kikohozi, kile kikavu kinachoinamisha mtu. Nikamtazama macho, mekundu. Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema ni vumbi la barabarani. Mimi vumbi la namna hiyo nilishalijua tangu semina.

Ndipo sauti ikatoka bandani: "Aanze yeye!"

"Nani?" nikauliza.

"Mwenyekiti! Akifanyiwa yeye, na mimi natoka."

Watu wakaguna. Mzee Maduhu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona kijiji chote kinamsubiri. Ninamheshimu mpaka leo kwa alichofanya. Alivua kofia, akaikabidhi kwa jirani, akakaa kwenye kigoda akainua uso. Kijiti kikaingia. Alishika magoti yake kwa nguvu, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, na nilipotoa kijiti akapiga chafya moja ambayo kuku waliisikia wakatawanyika. Kijiji kikacheka mpaka watu wakashikana mabega. Doto akatoka bandani, majani kichwani, akakaa kwenye kigoda akasema, "Mimi sitalia kama yeye." Na kweli hakulia.

Kabla ya kufunga mrija wowote nilitoa kalamu. Nikamgeukia mama wa Doto.

"Jina lako."

"Si unalijua? Mama Kulwa."

"Lako. Ulilopewa ulipozaliwa."

Wenzake wakaanza kuchekeana, mmoja akamsukuma bega. Akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Minza."

"Minza nani?"

"Minza Nkwabi." Safari hii alilisema vizuri, akacheka kidogo. "Hilo mara ya mwisho kuulizwa ni siku ya ndoa."

Nikaandika kwenye mrija: namba, Doto, wa Minza Nkwabi. Akaomba aushike. Hakuwa msomaji sana lakini alifuata herufi kwa kidole, moja moja, akanirudishia. Mama Kulwa wa pili, aliyefika na wanawe nao wakachukuliwa sampuli, alikuwa Kabula. Nilipomaliza niliisoma mirija yote mitano kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama Mzee Makoye, na wenyewe wakaitikia. Mzee Maduhu aliitika kwa sauti ya juu kuliko wote. Kisha akasema ile amri ya kuhama siku ya mnada isubiri majibu.

Siku hiyo sikulituma deli. Nilivuka nalo mwenyewe, nimelikalia, na Masalu alisimama Kamanga hadi mjini akilalamika kwamba nimemnyang'anya kiti chake. Pale mapokezi nikamsomea yule dada majina yote na namba zake, yeye akifuata kwenye fomu. "Mama," akaniambia, "leo umesoma kama uko kanisani." Nikamwambia leo nina cha kuungama.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Nilipima malaria mikono ikiwa kazini na masikio yakiwa kwenye simu. Ilipolia nikaacha slaidi chini ya darubini. Sampuli zote tano zilikuwa na mafua ya msimu, yale yale yanayopita kila kipupwe. Yale ya redioni hayakuwemo hata kwenye mrija mmoja.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo kazi yetu inapopimwa. Nilitamani kukimbia sokoni nipige kelele. Sikufanya hivyo, maana majibu ya mtu ni ya mtu. Nilianza kwa Minza, nikamwambia faraghani. Alikaa kwenye mchanga, akafunika uso kwa khanga, akalia, kisha akanishika mkono na hapo nikajua nimesamehewa. Kwa Kabula nikafanya vivyo hivyo. Halafu nikaenda kwa Mzee Maduhu, nikamwomba tuongee ndani.

"Yako ni mafua ya msimu," nikamwambia. "Si yale ya kwenye redio."

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?"

"Kidogo. Pumzika, unywe maji, usiwakoholee wajukuu."

"Na yule mtoto wa kwenye banda la nguruwe, naye ana nini?"

"Mwulize mama yake, mzee. Mimi ya kwako ndiyo niliyoruhusiwa kukuambia."

Akacheka puani. "Wabeja, mayu," akasema, yaani asante mama, akachukua kofia yake. Alikwenda kwa Minza, yeye mwenyewe, kwa miguu. Waliyoongea siyajui. Ninachojua ni kwamba jioni ile aliitisha mkutano nami nikaalikwa.

"Ndugu zangu," akaanza, akakohoa, watu wakarudi nyuma hatua moja. "Nimepimwa. Mlinishuhudia nilivyopimwa, na wengine mlicheka, nimewaona. Nina mafua, haya ya kila mwaka. Mama huyu ameniruhusu niseme kuwa watoto wake wana haya haya. Sasa mimi na yule Madamu hatujawahi hata kusalimiana. Nimeyatoa wapi? Kama mwenye mafua anahamishwa, basi anzeni na mimi. Na kama anachomwa moto, naomba mnifikirie, nina wajukuu."

Kicheko kilichotoka pale nadhani walikisikia hadi Mwanza. Alipokitia kikomo kwa fimbo, akaongeza: "Na huyu mama anaitwa Minza. Atakaa kwake. Kesho asubuhi nataka nione anachota maji pamoja na wenzake." Asubuhi nilipita kisimani makusudi kabla ya kurudi kazini. Minza alikuwa katikati ya foleni anabishana na mtu juu ya ndoo, kama watu wote.

Madamu alizaa baadaye, na Minza akaniletea mmoja wa watoto wake kwenye kikapu. Taratibu za utumishi zinakataza kupokea zawadi kutoka kwa wagonjwa, ila niliposoma vizuri sikuona mahali palipotajwa nguruwe. Nikampa jina la Fomu. Aliishi nyuma ya maabara miaka mingi, mnene, mwenye amani, na kila mfanyakazi mpya aliyeniuliza kwa nini nguruwe anaitwa Fomu alilazimika kukaa chini asikilize kisa hiki kabla ya kushika mrija.

Ndivyo kanuni yangu ilivyozaliwa, ile mnayoninung'unikia: namba, jina la mgonjwa, na kwa mtoto jina la mama yake mwenyewe, vyote kwenye mrija, visomwe kwa sauti, mtu aitike, ndipo deli lifungwe. Nilihamia nayo mjini. Ilikuja miaka ya korona, watu wote wakawa mabingwa wa pua, foleni ikazunguka jengo, na hata hapo nilisoma majina kwa sauti kupitia barakoa hadi nikakaukiwa sauti. Najua mliniita redio. Nilisikia.

Namalizia na la mwezi uliopita. Nilishikwa na homa na kikohozi, nikavumilia siku moja, ya pili nikaja kwenu, kwenye maabara yangu mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa ambalo kumbe ni gumu hivyo na hamkuniambia. Aliyekuwa zamu alikuwa Doto. Wengi wenu mnamjua kama yule dada mkali wa mapokezi aliyeajiriwa mwaka jana. Nimemwomba ruhusa, amekubali niseme: ndiye yule wa bandani. Alipokuja na barua ya ajira alinikuta na siku chache za kustaafu, nikamwuliza, "Umekuja na kalamu?" Akatoa mbili.

"Shikamoo mama," akasema, anavaa glavu.

"Marahaba mwanangu. Fanya haraka, nina kuku nyumbani."

Akashika mrija na kalamu. "Jina?"

"Doto, acha mchezo. Andika Mama Kijiti."

Hakuandika. Alinitazama juu ya barakoa, kalamu imesimama hewani. "Lako," akasema. "Ulilopewa ulipozaliwa."

Benchi zima likanigeukia. Mnajua ni miaka mingapi hakuna aliyeniuliza?

"Leokadia Nyakato," nikasema, kwa sauti ya kufika dirishani.

Akaandika namba, akaandika jina, a zake hazifanani na o. Akanisomea. Nikaitika naam. Kisha akaninyanyua kidevu kwa vidole viwili na kijiti kikaingia moja kwa moja, usawa wa sikio, hakikwenda juu hata kidogo, kazi safi kabisa. Machozi yakanibubujika hadi shingoni, na Doto aliponiuliza kama ameniumiza nikamwambia ni vumbi.